Wati Elfu na Neno Halisikiki

Msomaji mwema, ikiwa umewahi kuhudhuria arusi ambayo msimamizi alikuwa akinena katika kipaza sauti nawe hukuambulia ila mngurumo, kama wa mtu azungumzaye ndani ya mtungi, basi habari hii yakuhusu, ijapokuwa yatoka mbali na bahari.

Nilialikwa Mumias katika walima wa bintiye rafiki yangu. Mumias si ugenini kwetu watu wa pwani. Misafara ya wafanyabiashara wetu ilitua huko katika karne ya 19, na Uislamu ukashika mizizi kwa Wawanga hata leo. Njiani nikalala Kakamega mjini, na huko nikakutana na mpwawe mwenyeji wangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, mcheza santuri kwa kazi. Siku hizi huitwa DJ, na santuri yenyewe haionekani wala haiguswi, maana nyimbo zote zimo ndani ya tarakilishi ya kupakatwa. Yeye ndiye aliyekabidhiwa muziki na maikrofoni za walima, na mwenye spika alizozoea kuzikodi alikuwa ameziuza ghafla.

Kijana alikuwa na Sh80,000 mfukoni. Nusu ilikuwa akiba yake ya mwaka mzima, na nusu ya pili mkopo ambao mamake aliuchukua katika chama cha akina mama, akaweka heshima yake rehani. Akaniambia, "Mzee wangu, wewe ulifanya kazi ya redio. Twende dukani ukaniazime masikio."

Tukaenda. Dukani tulikuta masanduku yamepangwa hadi darini, kila moja limechapwa tarakimu za kutisha: wati 2,000, wati 3,000, na moja lilidai zaidi ya hizo. Zilikuwa spika zenye amplifaya tumboni mwake, ambazo vijana huziita "aktivu". Muuzaji, mtu mcheshi, akaiwasha ile kubwa kuliko zote, yenye taa zinazometameta rangi tatu, akaipigia wimbo wa mshindo mzito. Vioo vya kabati vikatetemeka. Nikamtazama kijana, nikaona moyo wake umekwisha kwenda.

Nikaomba maikrofoni. Muuzaji akacheka, akanipa. Nikamwambia kijana avuke barabara, anipe kisogo, achukue kalamu na kikaratasi, aandike kila neno atakalolisikia. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, polepole: thamani, samani, zamani, fedha, pesa, sina, shina, dhima, zima, sima. Maneno kumi. Aliporejea, alikuwa amepata manne, mengine ameandika apendavyo. Nikaomba tujaribu sanduku jingine, dogo, jeusi, lisilo na taa hata moja, ambalo muuzaji alikuwa amelitumia kuwekea kikombe chake cha chai. Safari hii akapata tisa.

Jaribio hili sikulisoma katika kitabu cha mafundi. Nilifunzwa chuoni, nikiwa na miaka saba, mbele ya maalim aliyekuwa na bakora moja na subira kidogo. Kosa ambalo hakulisamehe lilikuwa la kuchanganya herufi: sin isiwe sad, dhal isiwe zayn, kila herufi itoke mahali pake, kati ya koo, ulimi, meno na midomo. Nilidhani wakati ule kwamba ni ukali tu. Baadaye, kazini, fundi mmoja wa mitambo akanieleza jambo lililonirudisha kwa maalim wangu. Irabu, a na o na u, hukaa chini na katikati ya sauti, ndizo zenye nguvu. Konsonanti, hasa s, sh, f, th na dh, hukaa juu sana, ni nyembamba na dhaifu. Maana ya neno, hata hivyo, hubebwa kwa wingi na hizo nyembamba. Ndiyo sababu katika simu za zamani, ambazo hazikupitisha sauti ya juu ya herzi 3,400, mtu akikutajia jina lake ulikuwa huna hakika kama ni f au s, ukamwomba alirudie herufi kwa herufi.

Spika ya ovyo hufanya kama hivyo, na kuzidi. Chini huvimba, juu hunyauka. Muziki wa mshindo huficha aibu hiyo, kwa kuwa mchezaji hatafuti neno, atafuta kishindo. Lakini mpe spika hiyo hotuba, au mpe taarabu. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, alikuwa na wasikilizaji waliokwenda kumsikiliza kwa ajili ya neno lililofichwa ndani ya neno. Mfanyie Bhalo th iwe s, umemuibia.

Sasa tuzizungumze hizo wati, kwa kuwa ndizo zinazowatoa vijana fedha mifukoni.

Wati ni kipimo cha nguvu ambazo amplifaya hutoa. Wati si sauti. Ukizidisha wati mara mbili, kutoka 500 hadi 1,000, sauti hupanda desibeli 3 tu, na sikio la kawaida huona imeongezeka kidogo, basi. Ili sikio liseme, "Sasa imekuwa kubwa maradufu," wahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Hivyo anayelipa fedha za ziada ili atoke kwenye 800 kwenda 1,000 amenunua tarakimu. Zaidi ya hapo, kuna wati za kilele, zinazopatikana kwa kufumba na kufumbua, na kuna wati za kudumu, ambazo mtambo huweza kuzitoa usiku kucha. Watengenezaji waaminifu hukwambia zote mbili. Yamaha, kwa mfano, katika spika yake ya DBR12, yenye koni ya inchi 12, husema ni wati 1,000 za kilele na 465 za kudumu, na kwamba sauti yake ya juu kabisa ni desibeli 131. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo ya kutazama. Sanduku lililoandikwa wati 3,000, au lenye herufi PMPO, bila kutaja desibeli wala wati za kudumu, ni kama mganga anayekwambia anatibu kila maradhi.

Desibeli 131 hupimwa mita moja mbele ya spika. Uwanjani, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6. Ukienda mita 16 imepungua 24, imebaki 107, na hiyo ingali sauti kubwa mno kwa mtu aliyekuja kula pilau. Kwa arusi ya watu mia mbili au tatu nyumbani kwa mtu, jozi ya spika safi za inchi 12 yatosha na kusaza. Wenye inchi 15 huteremka chini kidogo zaidi katika besi, lakini ni mizigo. DBR12 ina kilo 15.8, huweza kufungwa nyuma ya bodaboda mmoja mmoja. Kubwa zake zataka gari, na gari hula faida ya siku.

Kijana akaniuliza, "Kwa nini nisinunue amplifaya yangu kando na spika zisizo na kitu ndani, kama wazee walivyofanya?" Swali zuri. Mpango huo wa kale una fadhila zake: amplifaya ikiungua wabadilisha amplifaya, koni ikipasuka fundi wa mjini huisuka upya. Lakini wataka ujuzi wa kuoanisha. Kijana asiye na ujuzi huifungulia amplifaya dhaifu mpaka mwisho, sauti ikakatika ncha, ikaunguza ile spika ndogo ya juu, ambayo ndiyo yenye kubeba zile konsonanti zetu. Spika iliyo na amplifaya ndani hutoka kiwandani imekwisha oanishwa, koni kubwa ina nguvu zake na ndogo zake, na ndani mna mlinzi anayezuia nguvu zisipite kiasi. Kwa mwanzo wa kazi nilimshauri hiyo. Hasara yake ni moja na yafaa kusemwa wazi: bodi yake ikifa, mafundi wengi hawaiwezi, vipande vyake ni vidogo kama punje za mtama. Kwa hiyo jina la mtengenezaji na upatikanaji wa vipuri si mambo ya fahari.

Na fedha je? Kwa Sh80,000 hupati jozi mpya ya majina makubwa. Wapata ama jozi mpya ya majina yasiyojulikana, ama jozi ya mitumba ya majina yanayojulikana. Muuzaji alitetea upande wake: mpya ina dhamana, mtumba hauna. Nami nikauliza dhamana ni ya miezi mingapi na fundi wake yuko wapi. Fundi alikuwa Nairobi. Nairobi, katika Barabara ya Luthuli, ndiko biashara ya vyombo vya sauti ilikojikita, na ndiko mizigo mingi ya huku magharibi hutoka, ya kweli na ya bandia pamoja.

Mitumba nayo ina mitego. Mmoja nausema kwa sauti kubwa, kwa sababu nimeuona ukiua mtambo mbele ya macho yangu: spika iliyotoka Marekani iliyotengenezwa kwa stima ya volti 120. Stima yetu ni volti 240. Baadhi ya spika hukubali zote bila kuuliza, nyingine zina swichi nyuma, nyingine hazina hata hiyo. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka. Ukiichomeka kwanza ukasoma baadaye, utasoma katika moshi.

Tukatoka dukani bila kununua. Tukakaa mkahawani karibu na Bustani ya Muliro, tukaagiza chai, na hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza kabla ya yote: "Mwanangu, utakula katika shughuli zipi?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza. Mchana kuna arusi, mazishi, harambee, na mikutano ya shule na makanisa. Usiku kuna "disko matanga". Kwa ndugu zangu wa pwani wasioijua: kwetu sisi maiti huzikwa mapema, ikafuata hitima, na muziki hauna nafasi. Huku maiti huenda akakaa siku kadhaa kabla ya kuzikwa, na jamaa hukesha. Katika mikesha hiyo wengine huleta mtambo wa muziki, vijana wakacheza hadi alfajiri, na fedha zikachangwa za kugharimia mazishi. Maofisa wa serikali wameipiga marufuku mara kadhaa katika sehemu hizi za magharibi, kwa malalamiko kwamba watoto hutoroka nyumbani usiku na wasichana huharibiwa. Hata hivyo haijaisha, kwa kuwa fedha ipo.

"Na hiyo disko matanga," akasema kijana, "mzee, haitaki neno. Yataka besi. Usipokuwa na masanduku ya besi ya inchi 18 hawakuiti."

Basi hapo jambo lenyewe likafunuka. Alikuwa hachagui spika, alikuwa anachagua kazi. Akinunua lile sanduku la taa tatu na mshindo, atakuwa amejifunga na usiku, maana mchana halitamfaa, na deni la mamake litamlazimu kufuata usiku huo popote ulipo. Akinunua zile zinazotamka, mchana wote ni wake: maharusi, mapadri, mashehe, machifu, kila mwenye la kusema. Nikamwambia: nunua sauti, kodi mshindo. Siku arusi itakapotaka besi, masanduku ya besi yanakodishwa mjini, nawe waongeza gharama hiyo katika bei yako. Besi hutumiwa mara chache, tena ni nzito, na hula stima kuliko vyote.

Sikutaka kumhubiria. Alikuwa na dadake mdogo wa kidato cha pili, na nadhani hesabu aliyoifanya pale juu ya chai hakuifanya kwa ajili ya maneno yangu.

Nitoke nje ya njia kidogo. Watu wa Isukha na Idakho, wenyeji wa pande hizi za Kakamega, wana ngoma yao ya isukuti, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nimeisikia uwanjani katika mapigano ya mafahali, na hapana mwenye damu mwilini atakayeisikia akatulia. Hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga za chuma, na mwimbaji mmoja huongoza kwa maneno. Nikamwonyesha kijana: tazama, babu zako walikwisha gawa sauti katika sehemu tatu kabla ya mhandisi yeyote, na ile kubwa haikuachiwa kuimeza ndogo. Mwimbaji husikika juu ya zote tatu. Akacheka, akasema hakupata kulifikiria hivyo. Nami sikupata kulifikiria kabla ya siku ile.

Kuhusu sheria sitarefusha. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zimeweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje katika mitaa ya makazi, na usiku huanza saa 2. Desibeli 35 ni mnong'ono kidogo tu. Mwenye kutaka kuzidisha hana budi kuomba kibali mapema. Wengi hawaombi. Hilo ni lao na askari.

Jambo ninalotaka kulirefusha ni mvua. Kakamega si Lamu. Huku mvua hunyesha karibu kila mwezi, aghalabu alasiri, saa zile zile za arusi, tena na radi. Spika ya kale isiyo na kitu ndani ikilowa, huharibika karatasi. Hii yenye amplifaya ndani imebeba stima ya volti 240 hadi juu ya stendi, penye watoto na nyasi mbichi. Kwa hiyo turubali ni kifaa cha kazi sawa na spika yenyewe, ila isifunikwe gubigubi wakati inapiga, kwa kuwa mgongo wake hutoa joto na joto lisipopata pa kwenda mtambo huzimika. Radi ikianza kunguruma karibu, zima na uchomoe, hata bwana arusi akikasirika. Na wako mafundi wanaokata ile pini ya tatu ya waya wa stima, ile ya ardhini, ili kuondoa mvumo katika spika. Mvumo huondoka kweli. Siku hitilafu itakapotokea, stima itapita katika mwili wa mwenye kushika maikrofoni. Mvumo huo dawa yake ni waya mzuri wa pini tatu, wa aina ya XLR, kutoka katika miksa hadi spika, ambao hata ukiwa na mita 30 hauokoti kelele za njiani.

Siku mbili baadaye tulipata tulichotafuta. Kanisa moja lilikuwa likibadilisha mitambo yake kwa mikubwa zaidi, likauza jozi ya spika za inchi 12, za jina linalojulikana, zimechubuka pembe lakini koni salama. Tukasoma kibandiko cha nyuma: volti 100 hadi 240. Tukarudia mtihani wetu wa maneno kumi uwanjani, mimi nikisema na kijana akinipa kisogo kwa hatua arobaini. Akapata yote kumi. Nikamwambia tuziache zipige muda wa saa nzima, kwa sauti ya juu, kisha tuzipapase migongo, maana mtumba mgonjwa hujificha ungali baridi. Zilikuwa vuguvugu tu. Akalipa Sh62,000. Zile Sh18,000 zilizobaki zikaingia katika stendi mbili, waya, kifaa cha kuzuia stima inayoruka, na turubali la manjano ambalo halikuwa zuri hata kidogo.

Stendi msizidharau. Spika iliyowekwa chini husikilizwa na magoti ya safu ya mbele, kwa kuwa zile sauti nyembamba humezwa na miili na nguo za watu. Ipandishe ipite vichwa, uiinamishe kidogo ikiwa yaweza.

Jumamosi tukaenda Mumias. Hapo nikaona fadhila moja ya spika hizi ambayo sikuwa nimeifikiria, nayo yatufaa sana sisi. Walima ulikuwa na mahema mawili, la wanaume na la wanawake, kila moja upande wake wa nyumba. Kwa kuwa kila spika yajitegemea, na ina kitasa chake cha sauti, kijana aliiweka moja huku na moja kule, akazifunga kwa waya mmoja mrefu. Wakati wa nasaha ya shehe zote mbili zilisema neno moja. Ilipokwisha, upande wa wanaume ukateremshwa ili watu wale wakizungumza, na upande wa wanawake ukapandishwa, vigelegele vikafunika hata jenereta ya jirani.

Stima ilikatika mara moja, saa nane na nusu. Kijana alikuwa amekodi jenereta ndogo, akaiwasha kwanza ikatulia, ndipo akachomeka spika. Spika mbili kama hizo, zikipiga muziki wa kawaida, kwa wastani hazili stima nyingi. Jenereta ndogo yaziweza bila kulalama.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, makusudi, karibu na mzee mmoja aliyeegemea mkongojo, ambaye jamaa zake walikwisha nionya kwamba masikio yake yamechoka, nisijisumbue kuzungumza naye. Msimamizi akawa anawatambulisha wazee wa ukoo mmoja mmoja. Alipofika kwake akasema, "Na kule nyuma tunaye babu yetu, mwenye umri wa miaka sabini."

Mzee akauinua mkongojo juu. "Themanini na tatu!" akapaaza sauti, hema zima likageuka, na msimamizi akaomba radhi katika maikrofoni, akalirudia, th yake ikafika hadi kwa wapishi.